Mgongo, nyonga na mzigo wa kichwani: maswali yanayoulizwa sana

Biomekanika ni kitu gani, na inamsaidia nini mtu anayeumwa kiuno?

Ni elimu ya kupima nguvu zinazopita mwilini mtu anaposimama, anapotembea, anapoinua kitu au hata akiwa amelala. Watafiti hutumia kamera, mizani zilizofukiwa sakafuni, vifaa vya kunasa umeme wa misuli, na mara chache kihisi kilichowekwa ndani ya kiungo chenyewe. Lengo ni kujua pale panapouma panabeba uzito gani, na nini kibadilishwe ili papumue.

Ushauri mwingi wa mgongo unaozunguka mitaani (kaa wima, usiiname, funga mkanda) haukutokana na vipimo. Baadhi yake ulipokuja kupimwa, haukusimama.

Niliinua ndoo ya maji ya lita 20, ile ile ya kila siku, kiuno kikanibana hapo hapo. Mbona jana niliinua na sikuumia?

Jiulize kwanza ndoo ilikuwa mbali kiasi gani na mwili wako. Misuli inayonyoosha mgongo imekaa kama sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya pingili za uti wa mgongo. Ndoo ikiwa sentimita 50 mbele, umbali wake ni mara 10 ya ule wa misuli, kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kama kilo 200 ili kuinua kilo 20. Hapo bado hatujahesabu kiwiliwili chako ulichokiinamisha. Isogeze ndoo hadi sentimita 25 na mvuto huo unapungua nusu.

Hayo siyo mahesabu ya ubaoni tu. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya mwanamume mmoja wa kilo 70 aliyekubali kuwekewa kihisi cha shinikizo ndani ya diski ya kiuno, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Akiwa amelala chali kilisoma megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.1, akisimama 0.5. Alipoinua kilo 20 huku mgongo umepinda, kilifika 2.3, alipokunja magoti, 1.7. Kisha jambo ambalo watu hawalisemi sana: uzito huo huo akiwa ameushika karibu na mwili ulisoma 1.1, akiusogeza sentimita 60 mbele ukawa 1.8. Ni mtu mmoja tu, kwa hiyo usizichukue namba hizo kana kwamba ni za mgongo wako. Mwelekeo wake ndio wa kuzingatia.

"Kunja magoti" ni ushauri mzuri pale tu magoti yanapokusogeza kwenye mzigo. Simama ndoo ikiwa katikati ya nyayo, isiwe mbele ya vidole. Gunia la mahindi haliwezi kuingia katikati ya magoti. Ukichuchumaa mbele yake, magoti yenyewe yanalisukuma mbali nawe, na hapo umejitafutia balaa kwa kufuata kanuni. Gunia ni la watu wawili.

Kwa nini kiuno kinaniuma zaidi asubuhi, hasa nikianza kufagia uwanja?

Usiku diski hufyonza maji. Kwa yule mtu wa Ulm, shinikizo lilipanda lenyewe kutoka 0.1 hadi 0.24 akiwa usingizini, na ndiyo sababu mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Diski iliyojaa maji ni ngumu kukunjika, na ukiinama inabanwa zaidi kuliko ikikunjwa mchana. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake nchini Marekani waliripoti kwamba watu wenye maumivu sugu ya kiuno walipata nafuu walipojizuia kuinama asubuhi na mapema.

Sasa fikiria fagio la chelewa lisilo na mpini: unaamka saa kumi na mbili, na kitu cha kwanza ni kujikunja kuanzia kiunoni kwa nusu saa. Funga mpini mrefu, au chemsha chai kwanza, fagia baadaye. Kama mkwe atasema umekuwa mvivu, mwambie ni diski.

Mama na bibi zetu wamebeba kichwani maisha yao yote. Ni kweli wazungu walithibitisha kwamba hakuna madhara?

Walichopima ni kitu kingine, na aliyeongoza orodha ya waandishi wa utafiti huo alikuwa Mkenya, Profesa Geoffrey Maloiy. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya oksijeni waliyotumia akina mama wa Kiluo na wa Kikuyu wakitembea na mizigo. Waluo walibeba utosini, Wakikuyu walining'iniza mzigo mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Kwa makundi yote mawili, mzigo uliofika hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nguvu hata kidogo. Mama wa kilo 60 alitembea na kilo 12 kana kwamba hana kitu. Kwa mtu asiyezoea, kila kilo inayoongezwa hulipiwa.

Walifanyaje? Jibu lilipatikana mwaka 1995, Norman Heglund na wenzake walipochunguza hatua zenyewe. Mtu akitembea, kiwiliwili hupanda kidogo juu ya mguu uliosimama, kisha hushuka na kusogea mbele. Ile nguvu ya kupanda hugeuka mwendo, na mwendo hugeuka tena kupanda. Ubadilishaji huo una upotevu: mtembeaji wa kawaida huokoa kama asilimia 65, na kinachobaki misuli lazima ikilipie. Akina mama wale, walipowekewa mzigo, walianza kuokoa zaidi, hasa pale mwili unapoanza kushuka baada ya kufika juu. Mzoefu anaonekana hata barabarani: ndoo haichezi, maji hayamwagiki, na shingo imetulia huku kiuno na nyonga vikifanya kazi.

Lakini kutumia oksijeni kidogo siyo sawa na shingo kuwa salama. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na watu wanazichanganya. Wabebaji kuni wa Kongo walipopigwa eksirei, mabadiliko ya uchakavu kwenye pingili za shingo yalionekana kwao zaidi kuliko kwa wasiobeba. Nchini Afrika Kusini, utafiti wa Ray Lloyd na wenzake kwa wanawake wa Kixhosa, uliochapishwa mwaka 2010, haukukuta kwamba kubeba kichwani kunaokoa nguvu kuliko kubeba mgongoni. Kulikuwa na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Na waliobeba kichwani walilalamikia shingo.

Msimamo wangu ni huu: ndoo ndogo kichwani kwa mtu aliyezoea tangu utotoni siyo jambo la kumtisha nalo. Ndoo ya lita 20 kwa mama wa kilo 55 ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, mbali na ile asilimia 20. Weka ngata nene ili uzito usambae. Tafuta mtu wa kukutwisha na wa kukutua, kwa sababu wakati wa kupandisha na kushusha ndio ndoo inakuwa mbali na mwili na shingo imepinda. Anayepata ganzi au udhaifu mikononi aache kubeba kichwani na aende kupimwa.

Simu inaharibu shingo? Nimeona picha inayosema ukiinamisha kichwa ni sawa na kubeba kilo 27.

Namba hiyo ilitolewa mwaka 2014 na Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa New York. Aliipata kwa hesabu za kompyuta, kichwa kikiwa kimeinama nyuzi 60. Hakupima maumivu ya mtu yeyote. Kichwa kina kama kilo 5, na ni kweli kwamba kikienda mbele misuli ya nyuma ya shingo inavuta zaidi. Ni ule ule umbali wa ndoo. Ila shingo imeumbwa ikunjike. Kinachoichosha ni kukaa hivyo saa mbili bila kusogea.

Basi mkao sahihi ni upi?

Hakuna mmoja. Katika miaka ya 1960 na 1970 Alf Nachemson wa Sweden alipima na kukuta kwamba kukaa bila egemeo kunabana diski kuliko kusimama, na walimu wa "kaa wima" wakajengea hapo. Vipimo vya Ulm vikaja na jibu lingine: kukaa na kusimama vilikaribiana, na mtu alipojiachia kitini akaegemea nyuma, shinikizo lilishuka hadi karibu 0.3.

Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, nao wana la kutufundisha. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na wa watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo, wakati kiti huizima kabisa. Dereva wa bodaboda, fundi cherehani, karani wa ofisini, wote dawa yao ni moja: badili mkao kabla mwili haujaanza kulalamika.

Ninunue mkanda wa kiuno?

Kwa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo maalumu, hapana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, halipendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Linapendekeza mazoezi na elimu. Mazoezi gani? Yale utakayoyafanya hadi mwezi ujao.

Kuna maumivu ya kiuno ambayo hayasubiri mazoezi. Ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, haja kubwa kukushinda, mguu kukosa nguvu ghafla: hiyo ni dharura, nenda hospitali leo. Homa, jasho la usiku na kukonda huku mgongo unauma vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu hakipaswi kusahauliwa. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe naye asikandwe kabla ya kupigwa picha.

Baba anaumwa nyonga ya kulia. Bakora ashike mkono upi?

Wa kushoto. Wengi hushika upande unaouma, na hata ndugu wanaomwuguza mtu humkabidhi hivyo.

Ukitembea, kila hatua kuna wakati unasimama kwa mguu mmoja. Mwili wote unataka kuangukia upande ambao mguu uko hewani, na misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo inayouzuia kwa kuvuta upande wa pili. Nyonga inakuwa kama mizani ambayo mkono mmoja ni mrefu na mwingine mfupi: uzito wa mwili uko mbali, misuli iko karibu, hivyo misuli inalazimika kuvuta kuliko uzito wenyewe. Mvuto huo na uzito vyote viwili vinaangukia kwenye kiungo. Georg Bergmann na wenzake wa Berlin waliweka vihisi ndani ya nyonga bandia za wagonjwa, wakakuta kwamba kutembea taratibu kunabebesha nyonga karibu mara 2.4 ya uzito wa mwili. Aliyejikwaa alizidi mara 7.

Bakora ikiwa mkono wa kushoto iko mbali na nyonga ya kulia, kwa hiyo msukumo mdogo wa kiganja unasaidia sana kuuzuia mwili usianguke, na misuli inapunguza kuvuta. Ikiwa mkono wa kulia iko jirani na nyonga mbovu, haina nguvu hiyo, na mzee anazidi kuulalia mguu unaouma. Walter Blount, daktari wa mifupa wa Milwaukee, aliwasisitizia wenzake jambo hili mwaka 1956.

Urefu wake: mzee asimame na viatu vyake, mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Bakora na mguu mbovu viende pamoja. Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka unatangulia mguu mbovu.

Na goti lililosagika?

Punguza uzito. Stephen Messier na wenzake walikuta mwaka 2005 kwamba kila kilo inayopungua inalipunguzia goti takribani kilo 4 katika kila hatua. Bakora, mkono wa upande mwingine vilevile.

Mtoto amezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Tumeambiwa plasta inatosha. Bila upasuaji kweli?

Mara nyingi ndiyo, na hapa inaonekana jinsi kujua nguvu ipite wapi kunavyobadilisha tiba. Plasta za mguu kifundo, ndilo jina la nyayo zilizopinda hivyo, zilikuwepo zamani, lakini waliofuata njia ya Hiram Kite waliminya upande wa nje wa katikati ya unyayo, na hapo mfupa wa kisigino ukazuiwa usizunguke. Ignacio Ponseti, wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyachunguza maungio hayo na kuanza njia yake mwishoni mwa miaka ya 1940: dole gumba linakaa juu ya kichwa cha talasi, mfupa unaokaa kati ya kisigino na mguu, na unyayo wote unazungushwa taratibu kulizunguka. Kwa miongo mingi wenzake hawakumjali. Uganda ilianza mpango wake wa njia hiyo mwaka 1999, ikawafundisha maofisa tabibu wa mifupa kufunga plasta, kwa kuwa madaktari bingwa walikuwa wachache.

Plasta hufungwa upya kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Kisha watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi, jambo la dakika chache, na plasta ya mwisho hukaa wiki 3. Baada ya hapo ni viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu hadi miaka 4 au zaidi. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, kwa sababu mguu unaonekana umeshanyooka na mtoto analia usiku. Mguu usipovishwa hujirudi. Akilia, kagua ngozi kama ina malengelenge na uone kama kisigino kimekaa chini kabisa ndani ya kiatu. Kikiwa kimepanda, fungua, sukuma kisigino chini, kaza kamba ya katikati kwanza. Viatu vikimbana, mpeleke kliniki vibadilishwe, usivivue ukasubiri tarehe.