Kwa nini namba ya simu hupoteza sifuri ukiwahamishia wateja kwenye mfumo mpya?

Duka la jumla la vitenge, Kariakoo. Mwenye duka ameachana na madaftari, wateja wake wote wamo kwenye faili la Excel, na sasa amenunua mfumo wa kusimamia wateja. Faili limeshapandishwa. Kesho yake anataka kuwatangazia kwamba mzigo mpya umeingia, lakini ujumbe haumfikii hata mtu mmoja. Akifungua taarifa za mteja, namba inaanza na 7. Sifuri ya mbele haipo, na yeye anakumbuka kabisa aliiandika.

Aliiandika kweli. Excel ndiyo iliyoiondoa. Programu hii imetengenezwa kwa ajili ya mahesabu: ikikuta tarakimu tupu inadhani ni kiasi, na kwenye kiasi sifuri ya mbele haina kazi, kwa sababu shilingi 0500 ni shilingi 500 tu. Hata faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo taarifa zake zimetenganishwa kwa mkato, likiwa limebeba sifuri zake zote, ukilifungua kwa kubofya mara mbili zinadondoka. Ukihifadhi, ndiyo basi.

Kwa namba ya simu bado kuna dawa. Namba zetu za Tanzania zina sifuri na tarakimu 9 baada yake, na mtu akipiga kutoka nje ya nchi sifuri hiyo huipisha 255. Kwa hiyo zikibaki tarakimu 9, weka 255 mbele yake na mteja atapatikana.

Kinachoniumiza mimi ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Niliwahi kukaa na mama mmoja mwenye duka, tukipitia wateja wake wa mkopo.

“Mwanangu, mbona hawa wote namba zao zinaishia na sifuri tano?”

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, 8 za mwanzo zikiwa ni tarehe ya kuzaliwa. Excel huitunza kila namba kwa biti 64 (biti ni 0 au 1 ya kompyuta), na nafasi hiyo inatosha kushika kwa uhakika tarakimu 15. Andika 19850412123456789012 na kisanduku kitaonyesha 1.98504E+19, ufupisho wa namba kubwa, na ndani yake kimebaki 19850412123456700000. Tarakimu tano za mwisho zimefutika, na hakuna fomula ya kuzirudisha, maana hazipo tena popote ndani ya faili.

Ndiyo maana huwa nawauliza wenye maduka swali moja kwa kila safu: hizi namba utazijumlisha? Deni, ndiyo. Bei, ndiyo. Simu, TIN (namba ya mlipakodi) na NIDA hakuna anayezijumlisha. Hizo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Safu zake zigeuzwe kuwa maandishi kabla hujaandika wala kubandika chochote. Ukigeuza baadaye, unahifadhi kosa lililokwisha kutokea.

Wateja kujirudia nako kunaanzia hapohapo. Mtu mmoja ameandikwa 0712 kwenye ukurasa huu, +255712 kwenye ule, na kwingine kuna nafasi katikati ya tarakimu. Binadamu anaona ni Mama Asha yuleyule, mfumo unaona watu watatu, kila mmoja na deni lake. Zipeleke namba zote kwenye umbo moja la 255 kwanza, ndipo utafute zinazofanana.

Na faili lenye NIDA za watu lisizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde na ahakikishe ni sahihi.

Yule mama, bahati yake, alikuwa ametunza vivuli vya vitambulisho kwenye boksi la viatu chini ya kaunta. Tulikaa chini, yeye akisoma tarakimu mojamoja kwa sauti, mimi nikiandika, hadi adhana ya magharibi.