Karafuu haiui "mdudu wa jino"

Jino likianza kupwita usiku wa manane, wengi hukimbilia kopo la viungo. Unabana karafuu kwenye tundu, mate yanajaa ule ukali wake, ulimi unakufa ganzi, na maumivu yanatulia. Asubuhi unawaambia wenzako: mdudu kafa.

Mdudu huyo hayupo. Jino hutobolewa na asidi, na asidi hutengenezwa na bakteria wa kwenye utando wa meno wanapokula sukari tunayokula sisi (chai ya sukari vijiko vitatu, kwa mfano). Karafuu ina yujenoli, mafuta yanayotia ganzi mishipa ya fahamu. Ni kweli yujenoli huua bakteria kwenye vyombo vya maabara, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Bibi hakukosea kuiamini. Ila karafuu ya jikoni haifiki kwenye kiini cha jino, wala haijazi tundu. Inachonyamazisha ni kengele tu, moto unaendelea.

Mafuta ya karafuu ya chupa ndiyo ya kuogopa zaidi. Yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza ufizi, na mtoto akiyameza yanaweza kumdhuru ini.

Basi bana karafuu yako ulale, lakini kukicha nenda ukazibwe jino. Ukiona shavu limevimba au homa imepanda, usingoje hata hiyo asubuhi.