Uchumi haukuruka usiku mmoja

Juzi pale soko la Kibuye, Kisumu, jamaa wa boda ananiambia eti 2014 serikali ilipika hesabu, uchumi ukaruka asilimia 25 na yeye mfukoni hana kitu. Zii buda, haukuruka. KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ilikuwa bado inapima kwa msingi wa mwaka 2001, yaani bei na picha ya biashara za mwaka huo ndizo kipimo, ikahamia msingi wa 2009, na kumbuka 2001 hata M-Pesa haikuwepo, simu zenyewe zilikuwa za wenye nazo, kwa hivyo biashara kibao zilikuwa hazihesabiwi vizuri. Zilikuwepo tu, hazikuonekana. Alafu ukilinganisha miaka tumia msingi mmoja na utoe mfumko wa bei, la sivyo omena ikipanda bei utadhani tumevua nyingi. Na mfuko wa huyo jamaa wa boda? Hata ukigawa uchumi kwa vichwa, huo ni wastani tu, hausemi yeye mwenyewe ana ngapi.