Si kila mnyoo kwenye jiwe hai ni adui
Ukimulika usiku tangi la maji ya chumvi la kufugia samaki na matumbawe, lenye jiwe hai (jiwe la baharini lililojaa viumbe hai), ukaona mnyoo wa rangi ya waridi, mwenye vinyweleo vyeupe ubavuni, akichungulia tunduni, usikimbilie kumuua. Wengi humsingizia kula matumbawe kwa sababu hukutwa juu ya tumbawe lililokufa. Kwa kawaida amefuata mzoga tu. Minyoo wengi wa namna hii hula mabaki ya chakula, na kazi hiyo tangi inaihitaji. Mharibifu wa kweli yupo: Hermodice carunculata, mnene zaidi, mwenye matamvua mekundu ubavuni. Vinyweleo vyake huchoma vibaya, ila hata vya yule mpole havishikwi kwa mkono mtupu. Mimi ningehofia zaidi aiptasia, anemoni (kiumbe wa baharini mwenye umbo kama ua) mdogo wa kahawia anayependeza: ukimkwangua, kipande kinachobaki huweza kuota anemoni mwingine.