Barua ya Pennal: nchi aliyoitaka Owain Glyndŵr

Tarehe 31 Machi 1406, katika kijiji cha Pennal huko Wales, Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales dhidi ya Uingereza, alimwandikia barua Charles VI, mfalme wa Ufaransa. Barua ni ya Kilatini na ipo mpaka leo katika nyaraka za taifa, Paris. Nimesoma mengi kuhusu uasi ule wa Wales, lakini hii ndiyo ninayoirudia kila mara, kwa kuwa humu muasi anaeleza nchi anayotaka kuijenga.

Owain alikuwa bwana mwenye ardhi, wa ukoo wa watawala wa kale wa Powys, na mwaka 1385 alikwenda vitani Uskoti katika jeshi la mfalme wa Uingereza. Baadaye aligombania ardhi na jirani yake, Reginald Grey wa Ruthin. Septemba 1400 wafuasi wake wakamtangaza Mkuu wa Wales, na siku chache baadaye wakauvamia mji wa Ruthin.

Ugomvi ule ungeweza kuishia hapo. Bunge la Uingereza likaumwagia mafuta. Sheria za 1401 na 1402 zilimkataza Mwelisi kununua ardhi katika miji ya Waingereza, kushika vyeo na kubeba silaha. Hata Mwingereza aliyeoa Mwelisi alifungiwa mlango wa vyeo huko Wales. Bunge hilohilo liliambiwa kwamba wanafunzi Wawelisi walikuwa wakiacha masomo Oxford na Cambridge, na vibarua wakiacha kazi, wote wakirudi kwao kujiunga na vita.

Kufikia 1404 Owain alikuwa na ngome za Harlech na Aberystwyth, ameitisha bunge Machynlleth na wajumbe wake wamefanya mkataba na Ufaransa. Mwaka uliofuata askari wa Kifaransa walishuka Milford Haven, wakafika karibu na Worcester, kisha wakarudi nyuma.

Kwa hiyo barua ya Pennal iliandikwa na mtu aliyehitaji msaada kwa dharura. Wakati huo Kanisa lilikuwa na mapapa wawili walioshindana, mmoja wa Roma na mmoja wa Avignon. Ufaransa ilimtaka amtii Benedict XIII wa Avignon, naye akakubali. Lakini tazama alichodai: St Davids, huko Wales, iwe makao ya askofu mkuu, nje ya mamlaka ya Canterbury, makao ya askofu mkuu wa Uingereza. Makasisi wawe wanaojua Kiwelisi. Mapato ya makanisa ya Wales yasiende tena kwa watawa na vyuo vya Uingereza. Na vianzishwe vyuo vikuu viwili, kimoja kaskazini, kimoja kusini.

Hilo la vyuo ndilo linalonigusa zaidi. Wale vijana walioacha masomo Oxford wangesoma wapi, kama si kwao? Ninaona hapo kiongozi aliyewasikiliza watu wake.

Ngome ya Aberystwyth iliangukia mikononi mwa Waingereza 1408, Harlech 1409. Mke wa Owain, Margaret Hanmer, na mabinti zake walipelekwa London kama mateka. Owain mwenyewe hakukamatwa kamwe. Mwaka 1415 Henry V, mfalme wa Uingereza, alikuwa tayari kumsamehe; Owain hakujitokeza kuupokea msamaha huo.