Meli "Kenya" ilibadilishwa jina, usitupe karatasi ya babu

Tangu tuanze kampeni ya kuskani karatasi za zamani za familia hapa Kisumu, na wenzetu wa Nakuru pia, watu wamejitokeza wengi kuliko tulivyotarajia na tunashukuru sana. Lakini malalamiko nayo yamepanda. Mtu anafika kaunta na bahasha, ndani kuna tiketi ya meli Kenya ya miaka ya thelathini, halafu anatuambia ilikuwa pamoja na picha ya meli imeandikwa Keren na kadi ya posta imeandikwa Castel Felice, lakini hizo mbili alizichoma kwa sababu alidhani ni za watu wengine. Hapo ndipo tunaumia kabisa, kwa sababu hiyo yote ni meli moja.

Meli Kenya iliundwa Glasgow, Scotland, kwenye yadi ya Alexander Stephen, ikashushwa majini mwaka wa 1930. Mwenyewe alikuwa British India, kampuni ya meli ya Waingereza, na kazi yake ilikuwa kutoka Bombay kuja Mombasa na kuendelea pwani kusini mpaka Durban, halafu inarudi. Matajiri walikaa vyumba vya juu, wengi wakasafiri dekini na matandiko yao na vyombo vya kupikia. Familia nyingi za Kihindi zenye maduka Kisumu, Nakuru, hata vituo vidogo vya reli huku magharibi, zina mtu aliyeshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, kutoka kwa meli hiyo ama meli dada yake iliyoitwa Karanja, akapanda gari la moshi akaja huku.

Wacha niseme hapa hapa, kwa sababu tunaulizwa kila wiki. Meli hiyo haijawahi kufika Kisumu! Meli ya bahari ya tani karibu 10,000 haipandi Ziwa Victoria. Meli za ziwa ni habari nyingine, hizo zililetwa vipande vipande zikaungwa hapa bandarini, ya kwanza William Mackinnon mwaka wa 1900, na ndizo zilizobeba wanajeshi kutoka Kisumu kwenda kushambulia Bukoba mwezi wa sita 1915. Na mtu asituambie babu yake alikuja na meli Kenya kujenga reli, reli ilifika Kisumu 1901 na meli imezaliwa 1930, tafadhali angalieni miaka kwanza kabla ya kugombana na karani.

Vita vya pili vilipoanza serikali ya Uingereza ikaichukua. Wakaigeuza ya kushusha wanajeshi ufuoni, ikabebeshwa maboti madogo ya kuwapeleka watu nchi kavu. Jina nalo likawa shida, jeshi la maji lilikuwa tayari na manowari yake inaitwa Kenya, na huwezi kuwa na meli mbili za jina moja kwa vita moja, ujumbe ungeenda kwa mwingine. Kwa hivyo 1941 ikapewa jina Hydra kwa muda mfupi halafu Keren. Keren ni mji wa Eritrea, mahali Waitaliano walishindwa mwezi wa tatu mwaka huo huo, na sehemu kubwa ya waliopigana pale upande wa Uingereza ni wanajeshi wa India, yaani watu wa kule kule meli ilikokuwa ikibeba abiria. Keren ilishusha wanajeshi Madagascar mwezi wa tano 1942, halafu Afrika Kaskazini mwezi wa kumi na moja, halafu Sicily 1943. Karanja haikurudi, ndege ziliipiga mabomu ikazama Bougie, Algeria, tarehe 12 Novemba 1942.

Sasa Karanja ziko mbili. Kampuni iliunda nyingine baada ya vita, ya 1948, pamoja na Kampala ya 1947. Kwa hivyo kama nyanya alisema alikuja na Karanja 1955 hakukosea, alipanda ya pili. Na kuna Kenya Castle ya 1952, hiyo ni ya Union-Castle, ya London, haihusiani kabisa na hii.

Keren yenyewe baada ya vita ilikaa bila kazi, ikanunuliwa na watu wa Alexandre Vlasov, tajiri wa meli, ikaitwa majina mengine kidogo ikiwemo Fairstone, mwishowe ikatengenezwa upya Italia ikawa Castel Felice, na safari zikaanza 1952. Meli iliyobeba jina la mji walioshindwa Waitaliano ikawa inapeperusha bendera ya Italia na kubeba Waitaliano waliohama kutafuta maisha Australia na Amerika Kusini, nami kila nikieleza hili hunigusa. Ilibeba Waingereza pia, wale wa mpango wa kuhamia Australia ambapo mtu mzima alilipa pauni 10 tu na watoto bure. Mwaka wa 1970 ikauzwa chuma chakavu, ikavunjwa Kaohsiung, Taiwan.

Kuna hawa wengine wanakuja wakilia babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alizama na "meli ya Kenya". Pole sana, kwa heshima zote, mara nyingi meli wanayoitafuta ni Khedive Ismail. Hiyo iliondoka Mombasa mwezi wa pili 1944 ikielekea Colombo, manowari ya chini ya maji ya Wajapani ikaipiga tarehe 12 karibu na Maldives, wakafa karibu watu 1,300, miongoni mwao mamia ya wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao unaweza kuyatafuta bure kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tafuta kwa nambari ya jeshi ukiwa nayo, kwa sababu makarani wa kikoloni waliandika majina yetu vile walivyosikia, Odhiambo anaweza kuwa Adiambo. Na orodha hiyo ni ya waliokufa. Babu aliyerudi nyumbani akalima mpaka 1980 huwezi kumpata pale, usikasirike.

Sasa utaratibu. Kuja na kitambulisho chako na karatasi yenyewe, siyo foto ya simu. Usilamineti, usibandike seloteji, usiandike kitu kwa biro. Tunajaza fomu mbili, moja inabaki nawe, tunaskani ukiwa umekaa hapo unaona, na orijino unarudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo. Ile hofu kwamba serikali itawanyang'anya haina msingi. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inaposema vitu vya kale inasema vilivyotengenezwa ama kuingia Kenya kabla ya 1895, tena vitabu na karatasi havimo. Tiketi ya 1936 ni yako. Tofauti ni faili ama rejista ya serikali, ile iliyotoka ofisi ya DC (mkuu wa wilaya) ama bandarini ikajikuta kwa sanduku la mjomba. Hiyo ni rekodi ya umma chini ya Sura 19 ya Sheria za Kenya, ile ya nyaraka za umma, kuiharibu ama kuiuza ni kosa, na kosa hilo lina faini na lina jela. Ukiwa nayo ilete mwenyewe, tutaandika kwamba umeirudisha kwa hiari. Siwezi kuahidi kwa niaba ya ofisi nyingine, lakini sisi tunachotaka ni rekodi, siyo kukupeleka kortini.

Na hawa mabroka wanaozunguka kwa maduka ya zamani wakinunua albamu nzima kwa bei ya chai, kabla hujauza pitia kwetu kwanza tuskani. Baada ya hapo uamuzi ni wako. Wenye karatasi za Kigujarati waje Jumatano, siku hiyo kuna mtu wa kuzisoma.