Doa Jekundu la Mshtarii si kimbunga

Anayesogelea darubini kwa mara ya kwanza karibu kila mara huuliza: "Kile kimbunga cha Mshtarii kiko wapi?" Hakipo. Doa Jekundu Kuu la sayari hiyo ni dhoruba, lakini ni kinyume kabisa cha kimbunga.

Kimbunga huzunguka mgandamizo mdogo wa hewa. Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kilizunguka kufuata mishale ya saa, kama vimbunga vyote vya kizio cha kusini. Doa nalo liko kusini mwa ikweta ya Mshtarii, kwenye latitudo ya nyuzi 22 hivi, ila huzunguka kinyume cha saa. Basi katikati yake mgandamizo ni mkubwa. Pale pametulia, upepo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa uko ukingoni.

Tena kimbunga hulishwa na bahari yenye joto, kikipanda nchi kavu kinakufa. Doa halina bahari wala nchi kavu. Vipimo vya chombo cha anga cha Juno vinaonyesha limeshuka kilomita 300 hadi 500 tu, na chini yake gesi inaendelea. Upepo wa kaskazini yake huvuma kuelekea magharibi, wa kusini kuelekea mashariki, nalo husokotwa katikati kama gololi kati ya viganja viwili, huku likimeza dhoruba ndogo zinazopita. Tafadhali, tuache kuliita kimbunga. Na haya ni madai mengine yanayosikika kuhusu doa hili:

"Limekuwepo tangu 1665." Doa aliloliona mwanaastronomia Cassini mwaka huo lilionekana mara ya mwisho 1713, kisha kimya cha zaidi ya miaka 100. Hili la sasa linafuatiliwa tangu 1831.

"Dunia tatu zinaingia ndani." Zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa na urefu wa kama kilomita 40,000. Vyombo vya anga vya Voyager vilikuta 23,000 mwaka 1979. Darubini ya angani ya Hubble ikapima 16,500 mwaka 2014. Sasa ni Dunia moja na kidogo.

"Wekundu ni moto." Vilele vya mawingu yake ni baridi kuliko vya jirani.

"Darubini yangu mbovu, silioni." Kwanza angalia saa. Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55, hivyo doa huonekana vizuri kama dakika 50 kabla na baada ya kupita katikati ya uso wa sayari. Tumia darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 150, ukuzaji wa mara 150 hadi 200, na uiache darubini nje nusu saa ipoe. Tarajia rangi ya waridi iliyofifia.